Mama anauliza anaumwa nini, na kikao kimekataa aambiwe

SWALI: Mama yetu ana miaka 67. Vipimo vimeonyesha saratani ya shingo ya kizazi, na daktari ameandika rufaa kwenda Ocean Road, Dar, kwa mionzi. Baba alishafariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao. Yeye na kaka zangu wameamua mama asiambiwe. Tuseme ni uvimbe tu. Wanadai akisikia neno saratani atakata tamaa na kutuacha mapema. Mimi ndiye ninayelala naye. Juzi usiku aliniuliza, "Mwanangu, mnanificha nini?" Nikamjibu hakuna kitu, lala. Mama bado ana akili zake timamu, ndiye mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu. Nikimwambia, nimemvunjia heshima baba mdogo. Nisipomwambia, ninamdanganya mzazi wangu. Ninyi wataalamu wa maadili huwa mnaamuaje mambo kama haya, na mimi nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja: ufanye nini, na sisi tunaofundisha maadili ya tiba huwa tunaamuaje. Naanza na la kwanza, maana safari ya Dar haisubiri.

Usimwahidi mtu yeyote kwamba utaendelea kumdanganya mama. Wala usimwamshe usiku ukamwambia peke yako. Kabla ya hayo yote kuna swali ambalo katika maelezo yako sikuona mtu aliyeliuliza: mama mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na kama hataki, angependa nani azipokee habari hizo kwa niaba yake? Baba mdogo ameamua, kaka zako wameamua, na wewe sasa unatafuta namna ya kuamua. Mwenye ugonjwa hajaulizwa.

Pili, rudini kwa daktari mkapate taarifa kamili. Kesi nyingi zinazoletwa kwetu zikiitwa za maadili, ukizichokonoa unakuta watu wanagombania jambo wasilolijua vizuri. Je, daktari amewaambia ugonjwa uko hatua ya ngapi? Amesema mionzi ni ya kuponya au ya kutuliza? Kikao chenu kinazungumza kana kwamba hukumu imeshasomwa. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, na kwa kuwa wengi hufika hospitali wamechelewa, mitaani neno lenyewe limekuwa jina jingine la kifo. Lakini kama haijasambaa mbali, mionzi ikiambatana na dawa hutolewa kwa nia ya kuponya kabisa. Inawezekana mnamficha mama habari ambayo kaka zako wenyewe hawajaielewa.

Halafu upimeni huo mpango wa kuficha. Kabla ya kuuliza kama ni halali, inafaa kuuliza kama unawezekana. Mweka hazina wa kikoba anajua kusoma, na jina la mahali mnapompeleka ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hata asipolitazama bango, atakaa benchi moja na akina mama waliotoka mikoa mingine, na wanawake wakikaa pamoja asubuhi nzima hawazungumzi habari za mvua. "Wewe umeanza lini? Yako imekaa wapi?" Ataletewa fomu ya ridhaa aweke saini. Mionzi ya nje kwa kawaida huchukua wiki tano hivi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha hufuata ile inayotolewa kwa ndani. Baada ya wiki mbili tatu tumbo linaweza kuanza kuharisha, mkojo ukachoma, mwili ukachoka. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe mdogo atajiuliza kwa nini tiba inamtesa kuliko ugonjwa, na wazo la kwanza litakalomjia ni kupanda basi kurudi Tanga. Mionzi ikikatishwa katikati, nafasi ya kupona inapungua.

Kwa hiyo mama atajua tu. Kilichobaki mikononi mwenu ni atajulia kwa nani, na siku gani.

Hapo nilipofika nimetumia njia ya kwanza tunayoifundisha, ya kupima matokeo. Inaonekana rahisi, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu watu huhesabu yale ya jirani tu. Baba mdogo amehesabu machozi ya siku ile mama atakapoambiwa. Hakuhesabu wiki ya tatu ya mionzi. Hakuhesabu daftari la kikoba: nani anadaiwa, nani kalipa bila kuandikiwa, fedha za mgao ziko kwa nani. Mambo hayo yako kichwani mwa mama peke yake. Kama ninyi ni Waislamu kuna wasia, kuna madeni, kuna watu angependa kuombana nao radhi. Kama ni Wakristo kuna mengine ya namna hiyo. Hivyo vyote vinahitaji mtu anayejua kwamba ana jambo zito mbele yake, hata kama mwisho wake ni kupona. Ukimficha, umemnyang'anya na muda wa kujipanga.

Njia ya pili ni ya kanuni. Mwaka 1979 Tom Beauchamp na James Childress, wote Wamarekani, waliweka kanuni nne ambazo leo karibu kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi huzikariri: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Ni nzuri kwa kuhakikisha hakuna kilichosahaulika. Ila ukizileta kwenye kikao chenu, wewe utashika ya kwanza, baba mdogo atashika ya tatu, na mtarudi pale pale. Kanuni zinawaambia mnagombania nini. Hazisemi ipi inashinda leo, kwa mama huyu. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya kamati ambako watu walirushiana kanuni hizo mpaka chai ikapoa.

Mimi huegemea zaidi njia ya tatu, ya kwenda kesi kwa kesi. Kongwe hiyo, wanaosoma fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, watakumbuka kiyasi: kulipima jambo jipya kwa kulilinganisha na lililokwisha kuamuliwa. Ilivyofufuliwa katika maadili ya tiba inahusiana na suala lako. Tangu 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, maafisa wa afya wa serikali ya Marekani waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu. Hawakuwaambia ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Kashfa ilipolipuka, mwaka 1974 ikaundwa tume ya taifa kuweka miongozo ya utafiti kwa binadamu. Ndani yake walikuwamo watu wa imani na fani mbalimbali. Albert Jonsen alikuwa mjumbe na Stephen Toulmin akafanya kazi na tume hiyo kama mshauri. Baadaye, katika kitabu walichokitoa mwaka 1988, walieleza jambo lililowashangaza: wajumbe walipozungumzia kesi moja moja walikubaliana mara nyingi kuhusu kipi kiruhusiwe na kipi kikatazwe, lakini kila mmoja alipotakiwa kueleza sababu zake za msingi, walitawanyika. Kwa hiyo wao wakashauri tuanze na kesi ambazo hakuna mtu anayezibishia, kisha tuangalie yenye utata imesogea upande upi.

Tujaribu. Chukua mgonjwa mwenye akili timamu anayeuliza mwenyewe, ambaye kuna matibabu ya kukubali au kukataa, na ana mambo ya watu mikononi. Kumdanganya huyo ni kosa. Hata kaka zako wakiulizwa kuhusu mgonjwa wa jirani watasema hivyo. Sasa chukua mgonjwa aliyesema kwa kinywa chake, "Mimi sitaki kusikia, zungumzeni na binti yangu." Kumkalisha na kumlazimisha asikilize nako ni kosa. Tamko la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililotolewa kwanza 1981 na kurekebishwa baadaye, linazitambua pande zote mbili: mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, na ana haki ya kutoelezwa akiomba mwenyewe, na ndiye anayechagua nani aelezwe kwa niaba yake. Mama yako yuko wapi kati ya hawa wawili? Amesema, "Mnanificha nini?" Amesogea sana upande wa kwanza. Lakini hajafika moja kwa moja, maana swali la usiku wakati mwingine ni la hofu, na mtu anaweza kuuliza huku akiomba moyoni asijibiwe. Ndiyo sababu nasema aulizwe kwanza.

Najua utakachoambiwa kikaoni: hayo ni mambo ya Wazungu, mila zetu mgonjwa mkubwa haelezwi. Usikubali haraka hoja hiyo. Wazungu walificha kwa bidii kuliko sisi. Kanuni za mwanzo za Chama cha Madaktari cha Marekani, za mwaka 1847, zilimtaka daktari asiwe mwepesi wa kumtabiria mgonjwa mabaya. Hatari ikiwapo, jamaa zake ndio waarifiwe mapema. Mwaka 1961 daktari Donald Oken alichapisha majibu ya madaktari wa Chicago: karibu 90 kati ya kila 100 hawakupendelea kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979 Dennis Novack na wenzake wakawauliza madaktari wa Rochester, New York. Safari hii 97 kati ya 100 walipendelea kumwambia. Miaka 18 tu imepita hapo katikati. Matibabu yalikuwa yameongezeka na mgonjwa ana cha kuchagua, ridhaa imekuwa sharti, na watu wamechoka kuamuliwa. Mionzi na dawa vimefika Dar pia, na fomu ya ridhaa nayo imefika.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 1995 Leslie Blackhall na wenzake waliwauliza wazee 800 wa Los Angeles kama mgonjwa mwenye saratani iliyosambaa aambiwe. Miongoni mwa wazee wenye asili ya Ulaya, 87 kati ya 100 walisema ndiyo. Wenye asili ya Afrika, 88. Wenye asili ya Korea walikuwa 47. Watu huusoma utafiti huo wakasema, umeona, Waasia hawataki. Mimi naona 47. Hata katika jamii iliyoegemea zaidi kuficha, karibu nusu walisema mgonjwa aambiwe. Ukijua kabila la mtu, au dini yake, au umri wake, bado hujajua yeye anataka nini. Mila inakuonyesha namna ya kuingia, nani aseme kwanza na kwa maneno gani. Kinachotakiwa na moyo wa mama, mila haiwezi kukwambia.

Na tukizungumzia heshima, hebu tuihesabu yote. Mama ni mke wa kaka mkubwa wa baba mdogo. Kwa ngazi za ukoo huyo ni mkubwa wake, ni mtu ambaye baba mdogo pengine alilishwa naye akiwa kijana. Heshima gani inayomfanya mtu mzima wa miaka 67 azungumziwe na wadogo zake na wanawe kuhusu mwili wake, yeye yuko chumba cha pili? Simkejeli baba mdogo. Anaogopa kumpoteza shemeji baada ya kumpoteza kaka, na hofu huwafanya watu kutoa amri. Lakini usikubali neno heshima litumike upande mmoja tu.

Nenda kwake kabla hujasema lolote kwa mama. Nenda faragha, asubuhi. Usimkabili mbele ya kaka zako. Usianze na haki za mgonjwa, maana atasikia mashtaka. Mwulize mambo ambayo kikao hakikuyajibu: "Baba, tukifika Ocean Road mama akiuliza kwa nini tumemleta hospitali ya saratani, nani atamjibu? Wewe utakuwepo?" "Akitaka kuacha mionzi katikati, tutamshika kwa maneno gani?" "Daftari la kikoba tumwachie nani?" Mwache afikirie. Wakubwa wengi hulegea wakishirikishwa kutafuta namna, hata kama walikuwa wagumu walipoombwa ruhusa. Mkubalianeni mambo mawili tu: mama asipotaka kujua, hakuna wa kumlazimisha, mama akiuliza, hakuna wa kumdanganya. Hilo nadhani hata yeye anaweza kulibeba. Akikataa kabisa, mwambie kwa adabu kwamba wewe hutamtangulia mama kwa habari hiyo, ila akikuuliza hutasema uongo, na kwamba umekuja kumweleza mapema ili asije akasikia kwa watu. Hapo umemheshimu. Utii kamili hana haki ya kukudai katika jambo hili.

Kuhusu mama mwenyewe, sehemu ngumu ni ile "hakuna kitu, lala". Usiipite kama haikutokea; anaikumbuka. Tafuta wakati mmekaa wawili, pengine unamsuka au mnachambua mchele, mikono ina kazi na macho hayalazimiki kukutana. Mwambie, "Mama, juzi uliniuliza swali nikakujibu haraka haraka. Ulikuwa unawaza nini?" Kisha nyamaza. Utashangaa. Wagonjwa wengi ninaokutana nao wameshajua zaidi ya wanavyodhaniwa: wameona damu, wameona nguo zinavyolegea, wamesikia simu zinavyopokelewa uani kwa sauti ya chini. Anaweza kukwambia neno lenyewe kabla yako. Asipolisema, mwulize: "Daktari ana majibu ya vipimo. Ungependa akueleze yote wewe mwenyewe, akueleze kwa ufupi tu, au azungumze na sisi?" Swali hilo si langu. Katika hatua sita za kumpa mgonjwa habari nzito, walizozichapisha Walter Baile, Robert Buckman na wenzao mwaka 2000, kumpa mgonjwa nafasi ya kusema anataka kujua kiasi gani ni hatua ya tatu. Maelezo yenyewe huja baadaye. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mambo mengi huamuliwa.

Akisema anataka, mpeleke kwa daktari, ukae naye, na daktari ndiye aseme. Wewe huna majibu ya maswali yatakayofuata: hatua ya ngapi, nafasi ya kupona, mionzi inachoma vipi. Mtoto akibeba kazi hiyo peke yake, ama ataongeza hofu ama atapunguza ukweli. Mwombe daktari mapema atenge nafasi, maana kliniki ikiwa na foleni mpaka nje, habari hizi husemwa mlangoni. Akisema hataki, muulize anamchagua nani apokee habari kwa niaba yake, na mwandike jambo hilo kwenye faili. Na mwulizeni tena siku nyingine, watu hubadilika.

Kuna hali ambazo zingenifanya nikwambie subiri. Kama mama amechanganyikiwa kwa homa au kwa ugonjwa wenyewe, aachwe atulie kwanza. Kama amewahi kujaribu kujidhuru, au sasa anasema maneno ya kutaka kufa, daktari aarifiwe na habari itolewe polepole kukiwa na msaada karibu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, nayo inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa pale ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza ni kinyume na maslahi yake. Angalia neno ushahidi. "Tunamjua mama yetu, hawezi kustahimili" ni hisia za wanaompenda. Mama huyohuyo alimzika mume, na anashika hela za watu bila ugomvi.

Hata ukifanya yote sawasawa, pengine kaka mmoja atanuna, au mama atalia siku mbili na wewe utajiona umemvunja. Bernard Williams, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1965 kwamba mtu akiwa kati ya wajibu wawili akachagua ulio sahihi, ule alioacha haufutiki. Unabaki ukidai kitu. Kwa hiyo ukijisikia vibaya, usichukulie kuwa ni ushahidi kwamba umekosea. Umemnyima baba mdogo utii, na anastahili kufidiwa: mpigie simu kila mnapotoka kliniki, mwache yeye awe wa kwanza kupata habari, mpe kazi ya kusimamia nauli na mahali pa kufikia Dar.

Jambo moja hukuliuliza, lakini huwa linazikwa pamoja na siri hizi. Maumivu. Nimeona familia zikikataa morfini ya maji kwa sababu mgonjwa "atajua", au kwa kuamini kwamba ikishaletwa ni kuaga. Morfini hutolewa kwa maumivu makali katika hatua yoyote ya ugonjwa, hata kwa anayetibiwa ili apone, na hupunguzwa yakipungua. Kama mama halali kwa maumivu, usisubiri kikao, wala baba mdogo, wala hayo mazungumzo ya kuchambua mchele. Mwambie daktari leo.